Mfalme ni wa Historia, Tamthilia Ina Mwenyewe

Malalamiko ya watunzi wa tamthilia yanayotufikia siku hizi yanafanana mno. Mtunzi anakutana na kionjo cha filamu mtandaoni: kiti cha enzi, wazee wa baraza, maleba ya kifalme. Halafu anasikia maneno aliyoyaandika mwenyewe yakitoka kinywani mwa mwigizaji asiyemjua. Akimpigia mtayarishaji simu, anajibiwa kwamba hiyo ni historia na historia haina mwenyewe.

Nusu ya jibu hilo ni kweli. Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, hamilikiwi na mtunzi yeyote. Vita vya Lugalo vya Agosti 1891, kuanguka kwa ngome ya Kalenga mwaka 1894 na fuvu lake lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954 ni habari za wote. Mugyabuso Mulokozi ametunga tamthilia ya Mukwava wa Uhehe, na hilo halimzuii mtu mwingine kuandika yake kuhusu mtawala huyohuyo. Kisichoruhusiwa ni kuchukua mazungumzo aliyowapa wahusika, mpangilio wa maonyesho yake na matukio aliyoyabuni.

Mpaka huo unaonekana vizuri katika The Lion in Winter, tamthilia ya James Goldman ya mwaka 1966. Mfalme Henry wa Pili wa Uingereza aliishi kweli, na kumfunga mkewe Eleanor ni jambo la kihistoria. Lakini ile Krismasi ya mwaka 1183 katika ngome ya Chinon, familia nzima ikigombania urithi wa kiti, ni ubunifu wa Goldman. Tamthilia ilipofanywa filamu mwaka 1968, skripti aliiandika Goldman mwenyewe, na ikampatia tuzo ya Oscar. Mtayarishaji anayemshirikisha mtunzi hapotezi kitu.

Naomba tuelewane kuhusu visingizio. Kununua kitabu dukani ni kununua nakala tu. Kubadili jina la mfalme hakubadili tamthilia. Tamthilia kutosajiliwa hakukupi ruhusa, kwa sababu haki huzaliwa kazi inapotungwa. Na tafadhali, kibali cha Bodi ya Filamu ya Tanzania si ruhusa ya mtunzi! Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka uambatishe kwenye ombi la kibali maelezo ya maonyesho na maneno yote yatakayosemwa. Haikufanyi mmiliki wa maneno hayo.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Kabla ya kuandika skripti, jua mwenye haki ni nani. Mtunzi akiwa hai, anza kwake, lakini omba kuona mkataba wake na mchapishaji, maana huenda haki ya filamu imo humo. Watunzi wakiwa wawili, wote wasaini. Mtunzi akiwa amefariki, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi yake miaka 50 baada ya kifo chake. Hapo usimalizane na mtoto mkubwa sebuleni. Mwombe msimamizi wa mirathi akuonyeshe barua ya usimamizi kutoka mahakamani. Tafsiri nazo huhesabiwa peke yake. Shakespeare alifariki mwaka 1616 na kazi zake ni huru, ila Juliasi Kaizari ni tafsiri ya Mwalimu Nyerere aliyefariki mwaka 1999, hivyo inalindwa hadi mwaka 2049.

Mkataba uwe wa maandishi na usainiwe na pande zote. Utaje kwamba ruhusa ni ya kurekebisha tamthilia kuwa filamu, lugha zipi, nchi zipi, muda gani, itaonyeshwa kwenye kumbi, televisheni au mtandaoni, malipo ni kiasi gani na jina la mtunzi litaandikwaje. Utaje pia kiasi cha mabadiliko kinachokubalika, kwa kuwa mtunzi ana haki ya kupinga kazi yake kuharibiwa kwa namna inayomvunjia heshima, hata akishalipwa.

Jambo linalosahaulika kuliko yote ni kwamba onyesho la jukwaani lina mikono mingi. Wimbo wa kutawazwa huenda ulitungwa na mwanamuziki wa kikundi. Taji na vazi la malkia vilichorwa na mbunifu wa maleba. Rekodi ya onyesho ina haki za waigizaji ndani yake. Ukivihamishia vitu hivyo kwenye filamu, saini ya mtunzi peke yake haitoshi. Nyimbo na ngoma za jadi zinazotumika kibiashara nje ya mazingira yake ya asili nazo zina kibali chake, na huombwa Baraza la Sanaa la Taifa.

Anayekiuka anaweza kushtakiwa kwa madai na kwa jinai. Kwenye madai, mahakama inaweza kuzuia filamu isionyeshwe wakati kesi inaendelea, kuamuru nakala zikamatwe na mwenye haki alipwe fidia. Kwenye jinai kuna faini, kifungo au vyote viwili.

Kama umeshaanza kupiga picha bila mkataba, simamisha kazi na umtafute mwenye haki sasa, kabla ya kuhariri. Wakati huo onyesho lenye mgogoro bado linaweza kuondolewa au kulipiwa. Filamu ikishauzwa kwa kituo cha televisheni, na wewe umeshasaini kwamba haki zote ni zako, utakuwa na wadai wawili badala ya mmoja.