Kuchuja kwa utando: jinsi peptidi za dawa zinavyosafishwa

Aliyewahi kukamua tui kwa kifumbu anajua kwamba tui hupita na chicha hubaki. Katika kiwanda cha dawa za peptidi, mara nyingi kazi huenda kinyume: kinachotakiwa ndicho kinachobaki juu ya utando, na kinachopita ni maji, chumvi na masalia madogo ya kemikali.

Peptidi ni mnyororo mfupi wa asidi amino, molekuli ndogo zinazojenga protini. Tuchukue insulini: ina asidi amino 51 na uzito wa takriban daltoni 5,800 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli), ilhali chumvi ya mezani haifiki 60. Utando wenye ukomo wa daltoni 1,000 hivi, yaani unaozuia molekuli nzito kuliko hapo, huizuia insulini na kuiachia chumvi ipite. Mbona usiwe wa 5,000? Kwa sababu matundu ya utando hayalingani, na peptidi si kokoto. Ni uzi unaoweza kunyooka ukapenya. Ndiyo maana mafundi huchagua ukomo ulio chini ya uzito wa peptidi kwa mara kadhaa.

Kimiminika hakisukumwi kikagonga utando uso kwa uso, maana peptidi zingerundikana na kuuziba. Hupitishwa sambamba nao, kikizunguka tena na tena. Mkondo hufagia uso wa utando huku shinikizo likipenyeza maji kidogo kidogo. Maji yanapotoka, bafa safi, kimiminika kinachotunza kiwango cha asidi, huongezwa kwa kasi ileile. Hapo ndipo usafishaji ulipo: bafa iliyoongezwa ikifika mara 5 ya ujazo wa mchanganyiko, chumvi iliyosalia huwa chini ya asilimia 1 ya ile ya mwanzo.

Kabla ya dawa kujazwa kwenye vichupa, mchezo hugeuka. Utando sasa una matundu ya maikromita 0.2, peptidi hupita, bakteria hubaki. Joto kali linaloua vijidudu lingeziharibu peptidi nyingi pia, kwa hiyo kinga inategemea chujio hilo. Virusi vingi, hata hivyo, ni vidogo kuliko matundu hayo, ndiyo sababu usafi wa malighafi na wa chumba haulegezwi.

Kwangu mimi, hatua nzito kuliko zote huja baada ya kuchuja. Chujio huloweshwa, hewa ikasukumwa upande mmoja, na shinikizo linalotoa mapovu upande wa pili likasomwa. Yakitoka mapema kuliko kiwango, huenda kuna tundu lililopasuka, na vichupa vyote vya mkupuo huo huzuiliwa mpaka sababu ijulikane.