Ndani hakuingii nje: kuijenga Enterprise kwenye kompyuta

Nikianza kujenga chombo cha anga kwenye Blender, programu ya kuchora vitu vya pande tatu, sianzi na bamba wala injini. Naanza na mtu: sanamu ya kijivu isiyo na uso, urefu mita 1.75. Chombo kinaweza kuvutia kwa nje hadi ukatamani kukitundika ukutani, ila ukimwingiza huyo bwana ndani, uongo wote unafichuka.

Chukua Galileo, kile kichombo kidogo cha tamthilia ya televisheni ya Star Trek ya miaka ya 1960, kinachobebwa ndani ya chombo kikuu, Enterprise. Gamba lake lilijengwa dogo kuliko inavyotakiwa, na sehemu ya ndani ikajengwa mbali nalo, studioni, kubwa ya kutosha waigizaji kusimama wima. Nilipochora gamba kwa vipimo vyake halisi, kichwa cha bwana wangu kikatoboa paa. Wengi tunaishia kulikuza gamba zima. Hapo banda la kuegeshea ndani ya Enterprise nalo linaanza kuwa finyu, na unarudi tena kwenye kukokotoa.

Lakini linalotugombanisha kuliko yote ni lifti. Kwa nje ya Enterprise, nyuma ya chumba cha kuongozea anamokaa nahodha, kuna kinundu kama cha lifti, kimekaa katikati kabisa, kuelekea tezi, yaani nyuma ya chombo. Ndani, mlango wa lifti uko nyuma ya nahodha kwa upande wa kushoto, digrii 36 kutoka hapo katikati. Ama kinundu hicho si lifti, ama nahodha haangalii omo, yaani mbele ya chombo. Mimi huzungusha chumba kizima, nahodha akatazama kushoto kidogo. Angani hakuna mwamba wa kukwepa kwa macho. Ana skrini mbele yake. Najua wapo watakaonuna.

Na ubavu wa kushoto? Modeli ya Enterprise iliyotumika kurekodi, yenye urefu wa mita 3.4 hivi, sasa iko kwenye jumba la makumbusho ya anga la Smithsonian, Washington. Upande wake wa kushoto haukumaliziwa, kwa sababu nyaya za taa ziliingilia huko, kwa hiyo karibu kila mara walirekodi wa kulia. Mchoraji wa leo anamaliza upande mmoja, kisha anatoa amri ya kioo, na wa pili unajitokeza wenyewe.

Kasoro ni kwamba kioo hugeuza hata maandishi, hivyo herufi lazima uzipange upya kwa mkono. Studioni walitumia ujanja huohuo kwa kinyume: walipotaka chombo kionekane kikienda upande wa pili, walibandika herufi zilizogeuzwa, wakarekodi, kisha wakaigeuza filamu. Mimi niliwahi kusahau hatua hiyo. Wiki nzima nilikuwa nikiwaonyesha wenzangu, kwa majivuno, chombo kilichoandikwa 1071-CCN badala ya NCC-1701, namba ya Enterprise.