Mzio wa pua Mji Mkongwe: chumba kwanza, kidonge baadaye

Mgeni mwenye mzio wa pua akipanga safari ya Unguja, huuliza kwanza maua yanachanua lini. Nyasi hutoa chavua baada ya masika, na miembe na mivinje ina wakati wake, lakini ndani ya Mji Mkongwe mimi hulaumu nyumba kabla ya miti. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, hunyonya maji kutoka ardhini na hewani. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 50, utitiri wa vumbi hustawi kwenye godoro na mito, na kuvu hushika nyuma ya kabati. Ongeza mende, utapata zile chafya za alfajiri ambazo watu huisingizia feni.

Kwa hiyo omba chumba cha ghorofani chenye dirisha linalopata upepo. Vya chini ndivyo vinavyopokea maji ya msingi. Ukiingia, nusa kabla hujatua begi. Harufu ya uvundo ni kuvu, hata kama kuta zimepakwa rangi jana. Tazama pembe za dari kwenye boriti. Ukiona madoa meusi, omba chumba kingine. Kitanda cha Kizanzibari kinapendeza, ila chandarua kilichofungwa juu wiki nzima humwaga vumbi usoni siku unayokishusha. Omba kilichofuliwa, usilale bila chandarua. Mto wa sufi ukatae, na uje na foronya yako. Kiyoyozi kiwashe dakika 15 madirisha yakiwa wazi na wewe uko nje, maana hewa ya mwanzo hubeba uchafu wa kichujio.

Dawa inayofanya kazi kuliko zote ndiyo watu wanayoiacha mapema: dawa ya steroidi ya kupuliza puani, mfano fluticasone. Haizibui pua papo hapo. Huchukua siku kadhaa, pengine wiki mbili, kufikia nguvu yake, kwa hiyo ianze wiki mbili kabla ya kupanda boti. Kwa mtu mzima, fluticasone ya mikrogramu 50 huanza kwa mipulizo 2 kila tundu mara moja kwa siku, kisha 1 hali ikitulia. Penga kamasi, tikisa chupa, inamisha kichwa mbele kidogo. Tumia mkono wa kulia kwa tundu la kushoto, na wa kushoto kwa la kulia, ukielekeza ncha upande wa jicho, si kwenye ukuta wa katikati ya pua. Vuta pumzi taratibu. Ukisikia uchungu kooni, umevuta kwa nguvu na dawa imepita; ukitoka damu, aghalabu unapiga ule ukuta wa katikati.

Kwa kuwashwa na chafya, cetirizine au loratadine ya miligramu 10 mara moja kwa siku inamtosha mtu mzima, na mwenye kufunga anaweza kuimeza wakati wa futari. (Kuhusu dawa ya kupuliza mchana wa Ramadhani, muulize sheikh wako.) Klofeniramini, vile vidonge vya bei rahisi, hulewesha usingizi. Vidonge vingi vya kichefuchefu cha bahari navyo ni vya ukoo huohuo. Ukichanganya na klofeniramini utashuka bandarini Malindi unapepesuka. Fexofenadine, kidonge kingine cha mzio, imeze kwa maji, kwani juisi ya machungwa hupunguza kiasi kinachoingia mwilini.

Dawa za kuzibua pua kama oxymetazoline zisizidi siku 5. Zikizidi, pua huziba upya kila dawa inapokwisha nguvu, na hapo mtu hununua chupa nyingine. Prednisolone, yaani steroidi ya vidonge, usijinunulie: hupandisha sukari na shinikizo la damu.

Kuosha pua ni rahisi na kunasaidia jioni baada ya kuzunguka vichochoroni. Weka nusu kijiko cha chai cha chumvi safi katika mililita 250 za maji yaliyochemka, yaache yapoe. Ya bomba au ya kisima yasiyochemshwa usiyapitishe puani hata kidogo. Vimelea ambavyo tumbo linavimudu vinaweza kuleta madhara makubwa huko juu.

Kuna usumbufu ambao vidonge hivi haviugusi sana, kwa sababu si mzio bali ni mwasho: moshi wa mishikaki Forodhani, udi na ubani kwenye chetezo, vumbi la chokaa pale nyumba inapokarabatiwa, na mji huu, ulio kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000, haukosi ukarabati. Hapo dawa ni kusogea upande unakotoka upepo, na barakoa ukipita penye mafundi. Kamasi linalotiririka ukila urojo ni pilipili tu. Vyumba vya chini ya ardhi vya Mkunazini, kwenye kumbukumbu ya soko la watumwa, vina dari fupi na hewa nzito. Mwenye pumu aingie na dawa yake ya kuvuta mfukoni, akae dakika chache.

Mzio wa pua haupandishi joto la mwili. Ukipata homa, kapime malaria siku hiyohiyo. Kifua kikibana au kupiga filimbi, au tundu moja tu likiziba na kutoa damu au usaha, nenda hospitali, usirudi dukani.