Mtu wa pwani anapokwenda Kilimanjaro: maswali na majibu kuhusu afya

Fedha za korosho zikishaingia, mazungumzo ya vikundi vya Mtwara, Masasi, Newala na Lindi siku hizi si ya bati na pikipiki tu. Wapo wanaopanga kwenda kutalii, na Mlima Kilimanjaro uko juu kwenye orodha. Januari na Februari, sisi huku tukiwa kwenye mvua na kupalilia, kule mlimani ni kiangazi kifupi baada ya vuli na kabla ya masika. Kiangazi kirefu ni Juni hadi Oktoba, nacho kina baridi zaidi. Majibu haya yanahusu hasa njia ya Marangu, kwa kuwa ina vibanda vya kulala na ndiyo wengi wetu huanzia: Mandara kwenye mita 2,720, Horombo mita 3,720, na Kibo karibu mita 4,700. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895.

Nasikia kule juu ni jangwa. Jangwa gani lenye theluji?

Msitu mnene unaouona kwenye picha uko chini. Ukishaipita Horombo, miti imekwisha, vichaka vinapungua, na kuanzia kama mita 4,000 unaingia jangwa la mwinuko. Saddle, ule uwanda ulio kati ya vilele vya Mawenzi na Kibo, ni changarawe, mawe, upepo na vumbi. Jua la mchana linaunguza, usiku maji ya kwenye chupa yanaganda.

Kinachomdanganya mtu wa pwani ni jasho. Huku Mtwara hewa ina unyevu. Ukibeba ndoo mbili tu shati linakunata mgongoni, nawe unajua umepoteza maji. Pale Saddle jasho linakauka kabla hujaliona. Unatembea saa nne ukijiona mkavu kabisa, kisha unapitisha kidole kwenye paji la uso na kukuta chumvi. Midomo inapasuka, pua inatoa damu kidogo, koo linakereketa. Mafuta ya mgando midomoni na puani, pamoja na leso au barakoa ya kuziba vumbi, husaidia kuliko watu wanavyofikiri.

Mimi natoka Newala, mlima nimeuzoea. Na ni kijana, kazi ngumu naziweza. Bado nitaumwa?

Uwanda wa Makonde, pamoja na makorongo yake yote, haufiki mita 1,000. Kwa mapafu yako Newala na Mikindani ni jirani. Kule Kibo kila pumzi unayovuta inakupa oksijeni kidogo zaidi ya nusu tu ya ile unayoipata ufukweni Msimbati, na kileleni ni karibu nusu. Mwili unaweza kuzoea, ila unadai siku kadhaa: unaongeza kasi ya kupumua, figo zinarekebisha damu, na baadaye chembe nyekundu zinaongezeka.

Nguvu za misuli hazina msaada hapo. Mvuvi anayevuta jarife usiku kucha anaweza kulazwa chini na kichwa huku mama wa miaka hamsini akipita taratibu na fimbo yake. Vijana wenye nguvu mara nyingi ndio wanaopata shida, kwa sababu wanakwenda mbio. Waongozaji wanaposema "pole pole" wanakupa kipimo: ukishindwa kuongea sentensi nzima bila kuhema, umezidisha mwendo.

Ushauri unaokubalika kwa safari za milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000, usiongeze zaidi ya mita 500 kati ya ulipolala jana na unapolala leo. Sasa tazama vibanda vyetu: Mandara hadi Horombo ni mita 1,000, Horombo hadi Kibo ni karibu mita 1,000 nyingine. Njia yenyewe inakwenda kasi kuliko mwili. Ndiyo maana nasema wazi: kama fedha zinatosha kitu kimoja tu, lipia safari ya siku sita badala ya tano, ulale Horombo usiku mbili. Mchana wa siku hiyo ya ziada mnapanda kidogo kuelekea Mawenzi, kisha mnarudi kulala palepale. Koti zuri unaweza kukodi Moshi.

Nitajuaje kama ni ugonjwa wa mwinuko au ni uchovu wa safari?

Kichwa kuuma ndiyo dalili ya kwanza, kwa kawaida saa 6 hadi 12 baada ya kufika juu, kikiambatana na kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, kizunguzungu au usingizi mbovu. Kanuni ya watu wa milimani ni kwamba mtu akiumwa kichwa kule juu, hesabu ni mwinuko mpaka ithibitike vinginevyo. Akae palepale, apumzike, ameze parasetamo, anywe maji. Akipata nafuu kabisa, safari inaendelea. Asipopata nafuu, hapandi. Akizidiwa, anashuka.

Kuna hali mbili zinazoua. Ya kwanza ni ubongo kuvimba. Mgonjwa anachanganyikiwa, anajibu ovyo, anatembea kama aliyelewa. Mwambie atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine; akiyumba au akianguka, anashushwa saa hiyohiyo, hata kama ni saa nane usiku na kesho ndiyo siku ya kilele. Ya pili ni mapafu kujaa maji: anahema akiwa amekaa tu, anakohoa, kifua kinakoroma, na hatimaye makohozi ya povu la rangi ya waridi. Huyo naye anashuka, na oksijeni kama ipo anapewa huku akishuka.

Kumwacha mtu wa namna hiyo alale "apumzike kidogo" ni kosa kubwa. Wala asishuke peke yake. Kuna machela za gurudumu moja kwa kazi hiyo, na helikopta pia huokoa watu, ila ukungu ukifunga hairuki. Waongozaji wengi wana kipimo cha kidoleni cha oksijeni. Ni kizuri, lakini kisomeke vizuri au vibaya, mtu anayeyumba ni mgonjwa.

Naweza kupanda nikiwa na malaria bila kujua?

Ndiyo, na swali hili linatuhusu kuliko mikoa mingi, kwa sababu Mtwara na Lindi ni miongoni mwa maeneo yenye malaria nyingi nchini. Mbu wa malaria hakufuati mpaka Horombo. Baridi hiyo haiwezi. Lakini vimelea ulivyoumwa navyo Tandahimba vinakaa mwilini siku 7 hadi 14, wakati mwingine zaidi, kabla ya homa kutokea. Hesabu siku za basi na siku za mlima, utaona homa inakukuta wapi.

Tatizo ni kwamba malaria nayo ni kichwa, kichefuchefu na mwili kuchoka. Kinachotofautisha ni homa kali na kutetemeka, ambazo si dalili za kawaida za mwinuko. Mtu wa Kusini akipata joto la nyuzi 38 na zaidi kule juu, ashuke akapimwe. Hakuna haja ya kubishana kibandani ni kipi kati ya viwili, maana vyote dawa yake ya kwanza ni kushuka. Na wiki mbili za mwisho kabla ya safari, usiruke chandarua hata usiku mmoja. Ukiwa na homa siku chache kabla ya kuondoka, pima kwenye zahanati, maliza dozi, na ahirisha safari. Malaria hupunguza damu, na mwenye damu pungufu anabeba oksijeni kidogo pale ambapo oksijeni yenyewe ni kidogo. Kina mama wanaotokwa na damu nyingi kila mwezi nao wapime wingi wa damu mapema.

Kuna dawa ya kumeza kabla?

Ipo asetazolamaidi. Kwa mtu mzima dozi ya kinga iliyozoeleka ni miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Inaharakisha mwili kuzoea, haifichi ugonjwa. Utakojoa zaidi, vidole vitawaka ganzi, na soda itakuwa na ladha mbovu. Iandikwe na daktari, hasa kwa sababu ina undugu na dawa za salfa: kama uliwahi kubabuka ngozi kwa SP au Septrin, mwambie. (Vumbi la salfa ya mikorosho likikukohoza ni kero ya kifua tu; huo si mzio wa dawa hizi.) Dawa za usingizi ziache kabisa, zinapunguza upumuaji usiku.

Ndugu yangu ana selimundu. Aende?

Mgonjwa wa selimundu asipande. Oksijeni ikipungua, chembe zake zinajikunja na kuziba mishipa, na baridi pamoja na upungufu wa maji vinazidisha. Aliyerithi kinasaba kimoja tu kutoka kwa mzazi, ambaye haumwi, kwa kawaida hupanda bila shida, lakini mara chache bandama hukosa damu. Dalili ni maumivu makali ya ghafla chini ya mbavu za kushoto. Wengi wetu hatujui hali yetu. Kama kwenu kuna mtoto mwenye selimundu, pima kabla ya kulipa nauli.

Maji kiasi gani? Na ninaweza kubeba kinywaji kidogo cha kuondoa baridi?

Lita 3 hadi 4 kwa siku, kidogokidogo, pamoja na chakula chenye chumvi. Supu ya jioni isikupite hata kama hamu haipo. Mkojo wa njano iliyopauka ni dalili nzuri. Kujaza tumbo maji matupu kupita kiasi nako kunashusha chumvi ya damu na kuleta kichwa kilekile unachokikimbia.

Kabla ya Kibo kuna mahali panapoitwa maji ya mwisho. Zaidi ya hapo hakuna kijito, maji yanabebwa na wapagazi. Maji ya kijito yachemshwe. Kule Horombo yanachemka kwenye kama nyuzi 88 badala ya 100, kwa hiyo yaache yatokote dakika tatu. Ndiyo sababu pia maharage hukataa kuiva.

Uraka na nipa vibaki Masasi. Pombe inatanua mishipa ya ngozi, unahisi joto wakati mwili unalipoteza, na usiku inapunguza upumuaji.

Ngozi nyeusi inahitaji mafuta ya jua?

Inahitaji. Miale inayounguza huongezeka kama asilimia 10 kwa kila mita 1,000, na theluji huirudisha usoni kutoka chini. Ngozi yetu inachelewa kuungua, haikatai. Macho hayana rangi ya kujikinga: bila miwani nyeusi kwenye theluji, jioni utahisi kama umetiwa mchanga machoni. Mwenye ualbino avae kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kinga kila saa mbili. Kilisun, yaliyobuniwa kwa ajili yao, hutengenezwa hukohuko Moshi.

Nguo?

Jinzi usipande nayo. Ikilowa haikauki na inakunyonya joto. Vaa tabaka kadhaa nyembamba, la juu lizuie upepo. Viatu vivae nyumbani wiki kadhaa kabla, vinginevyo malengelenge yatakurudisha Mandara.

Nina presha. Mke wangu ni mjamzito. Watoto je?

Presha iliyodhibitiwa haizuii, ila ongea na daktari kuhusu dawa, usiziache. Mwenye kisukari abebe insulini ndani ya nguo isigande. Mjamzito abaki chini, atembelee maporomoko ya maji ya Marangu. Watoto wadogo matembezi ya siku moja hadi Mandara yanawatosha, na wakilalamika kichwa, waaminiwe.

Nilizamia na mtungi Msimbati juzi. Kuna tatizo?

Subiri angalau saa 24 baada ya kuzamia mara ya mwisho kabla ya kupanda ndege au mlima, ili gesi iliyoyeyuka mwilini itoke. Waliozamia kwa pumzi zao tu, kama wavuvi wa pweza, kwa kawaida hawana haja ya kusubiri.