Kigugumizi sio woga, woga unakuja baadae

Nina kigugumizi toka mdogo, na kilichonitesa zaidi sio ulimi, ni mambo ambayo watu wanayaamini kuhusu huo ulimi.

"Anaogopa tu huyo, akijiamini kitaisha." Hapana jamani. Mara nyingi kigugumizi kinaanza mtoto akiwa na miaka 2 hadi 5, umri ambao hata aibu hajaijua, na kinatokana na namna ubongo unavyoendesha usemi, afu kinatembea sana kwenye ukoo. Woga unafuata nyuma. Unachekwa darasani leo, kesho tena, mwishowe unajifunza kusema "sijui mwalimu" wakati jibu unalo. Mimi kwenye daladala nimepitilizwa vituo sijui mara ngapi sababu ile sh ya "shusha" inagoma kutoka, naona bora nirudi kwa mguu kuliko abiria wote wageuke kuniangalia. Ndo maana watu wazima wenye kigugumizi wengi wana hofu kali ya kuongea mbele za watu, na wengine inawafikisha kwenye sonona kabisa.

"Chake ni kidogo, hakimsumbui." Hili nalo linaniuma, sababu kigugumizi kidogo wakati mwingine ni kile kilichofichwa vizuri. Kwa mama ntilie nataka wali kuku, k inakwama, naagiza wali maharage. Simu ikilia naiacha, natuma meseji. Yani kichwa kinafanya kazi siku nzima kutafuta neno la kupita pembeni na hamna anayejua, wanasema tu kaka mpole.

Afu kuna wazazi wanaoamini ukimkaripia mtoto kila akikwama atanyooka. Mwaka 1939 huko Iowa, Marekani, watafiti walichukua watoto yatima 22, na kati ya wale waliokuwa wanaongea vizuri tu, 6 wakawa wanaambiwa kila mara kwamba usemi wao ni mbovu na wanagugumia. Hawakupata kigugumizi, ila walianza kujifungia, wengine hawakutaka tena kufungua mdomo. Chuo kikuu husika kiliomba radhi mwaka 2001, zaidi ya miaka 60 baadae. Nikisoma habari ile nawaza ni watoto wangapi kwetu wanafanyiwa hivyo hivyo nyumbani bila utafiti wowote, na anayewafanyia anawapenda.

"Ukimuiga utakipata." Sio ugonjwa wa kuambukiza. "Hana akili." Akili haihusiani kabisa.

"Mkateni udata." Udata, kile kinyama kinachoshika ulimi kwa chini, hauleti kigugumizi. Mwambie huyo mtoto aimbe uone, wengi wakiimba maneno yanatiririka bila kukwama hata sehemu moja, sasa kama ulimi ungekuwa umefungwa angeimbaje?

"Akikua kitaisha" ina ukweli ndani yake, kati ya watoto wanne wanaoanza kugugumia karibu watatu kinawaisha. Shida hamna anayeweza kukuambia kwa uhakika wako atakuwa yupi, na wanaobaki nacho ukubwani ni kama mtu 1 kwa kila 100, wanaume ndo wengi. Kikipita miezi sita, au ukiona mtoto anakwepa kuongea, anakaza shingo au anafumba macho kulitoa neno, usisubiri. Wataalamu wa tiba ya usemi kwetu ni wachache ila wapo, anzia hospitali ya rufaa uulizie. Hata mtu mzima anasaidika, kigugumizi kinaweza kubaki ila ile hofu ikapungua sana.

Na ukikutana na mimi nimekwama, usiniambie "polepole, vuta pumzi", usinimalizie neno, niangalie tu kama kawaida mpaka nimalize. Siku hizi nikipanda gari namwambia konda mapema, kaka nina kigugumizi, nikikwama nivumilie kidogo. Wengi wananivumilia.