Bwawa la kuzuia mafuriko likae tupu

Kila ninapokwenda kukagua eneo la kujenga bwawa dogo la udongo huku Lindi na Mtwara, swali la kwanza la wanakijiji huwa ni samaki. La pili ni bustani. Siwalaumu, kiangazi chetu ni kirefu. Ila bwawa la kuzuia mafuriko hufanya kazi likiwa tupu. Likijaa Januari likabaki hivyo, mvua ya Machi utaiweka wapi?

Tupige hesabu. Milimita 1 ya mvua kwenye kilomita 1 ya mraba ni mita za ujazo 1,000. Korongo linalokusanya maji ya kilomita 2 za mraba, ikinyesha milimita 50, linapokea mita za ujazo 100,000. Tuseme nusu inazama ardhini. Hizo 50,000 zinazobaki zinateremkia mashamba ya mpunga kwa mkupuo. Bwawa lenye nafasi ya 20,000 haliwezi kuzimeza zote, linazichelewesha. Bomba lililolazwa chini ya tuta linaachia maji kidogo kidogo usiku kucha. Ndiyo maana bomba hilo halifungwi, na ndiyo maana huwa nakasirika nikikuta limezibwa kwa viroba vya mchanga ili mtu amwagilie mchicha.

Maji yakizidi, yatoke kwenye utoro: mkondo mpana unaochimbwa pembeni, kwenye ardhi ya asili, karibu mita 1 chini ya kilele cha tuta. Bajeti ikibana, watu hukimbilia kuupunguza upana. Wapunguze kingine chochote. Maji yakilipita tuta la udongo juu, yanaanza kulichimba upande wa nyuma, na likikatika kijiji kinapata gharika ambalo bila bwawa kisingelipata.

Mchanga mwekundu wa uwanda wa Makonde hauzuii maji, kwa hiyo katikati ya tuta tunaweka kiini cha mfinyanzi, kilichoshindiliwa kikiwa na unyevu, tabaka kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20. Si kila mfinyanzi unafaa. Dondosha kidonge chake kwenye glasi ya maji ya mvua, usikoroge. Kikimeguka na maji yakabaki maangavu, si neno. Ukiona wingu kama maziwa linatanda kukizunguka, udongo huo uache: maji yatausomba punje kwa punje kutoka ndani ya tuta, na wewe nje huoni kitu.

Anzeni kazi Juni. Ikifika Oktoba vibarua wote wako kwenye korosho, na mvua haiko mbali. Kibali kiombwe mapema zaidi, bodi ya maji ya bonde letu ofisi yake iko hapa Mtwara. Tuta likikamilika, pandeni ukoka peke yake. Mkorosho juu ya tuta, hata mmoja, ung'oeni ungali mche. Mizizi ya mti mkubwa ikioza huacha matundu, na maji hupita humo humo.