Kinachokwisha kwanza si lazima kiwe chenye gramu chache

Sijui ni nani anayewafundisha vijana wa kidato cha tatu sentensi hii, lakini naikuta kila ninaposahihisha maswali ya moli (kipimo cha kuhesabu chembe za kemikali, kama dazeni inavyohesabu mayai): "Haidrojeni ni gramu 10, oksijeni ni gramu 40, kwa hiyo haidrojeni ndiyo itakayokwisha kwanza."

Hapana. Namba zinazotangulia fomula katika 2H₂ + O₂ → 2H₂O, mlinganyo wa haidrojeni na oksijeni kutengeneza maji, zinahesabu moli, hazipimi gramu. Moli moja ya H₂ ni gramu 2. Ya O₂ ni gramu 32. Basi gramu 10 za haidrojeni ni moli 5, na zile gramu 40 za oksijeni ni moli 1.25 tu. Oksijeni hiyo inataka haidrojeni moli 2.5, nasi tunazo 5. Inayokwisha ni oksijeni, ile iliyoonekana nyingi! Maji yanayopatikana ni gramu 45, na haidrojeni gramu 5 inabaki bila mwenza. Jumla 50, zilezile tulizoanza nazo. Aliyekokotoa kwa kufuata haidrojeni hupata maji gramu 90 kutoka kwenye gramu 50, akapigia jibu mistari miwili na kufungua ukurasa mwingine. Hata kushangaa hakushangaa.

Fundi cherehani mwenye kilo moja ya vifungo na kilo tatu za mashati hapimi ili ajue kipi kitamwishia. Anahesabu.

Dawa yangu ni moja, na wanafunzi wangu wameichoka: chini ya kila fomula andika gramu, kisha moli, kisha moli ugawe kwa namba inayotangulia fomula hiyo kwenye mlinganyo. Hapo juu, 5 ÷ 2 ni 2.5, na 1.25 ÷ 1 ni 1.25. Chenye jibu dogo ndicho kinachokwisha. Kalkuleta ingoje.

Sentensi nyingine za aina hiyo ninazozikuta: "Moli lazima zilingane pande zote mbili za mlinganyo." Zinazolingana ni atomu na gramu. Katika N₂ + 3H₂ → 2NH₃, moli 4 zinakuwa 2, lakini gramu 34 zinabaki 34.

"Kusawazisha mlinganyo (kulinganisha atomu za pande zote mbili) kukishindikana, badilisha namba ndogo ndani ya fomula." Ukigeuza H₂O kuwa H₂O₂ hujasawazisha chochote, umetengeneza peroksidi ya haidrojeni, na hiyo haikati kiu.

"Moli moja ya kitu chochote ni dm³ (yaani lita) 24." Ya gesi, tena kwenye joto na kanieneo ya kawaida ya chumba. Moli moja ya maji ya bomba ni sentimita za ujazo 18 hivi. Vijiko vya chai havifiki vinne.